Uzi: Kwanza kasha la pesa, kisha kiti, mtumwa baadaye. Vile Waingereza walivyoibana nyumba ya Seyyid

Mkaazi wa Kibokoni (mwenye uzi):

Assalaam alaikum wanajukwaa.

Kila tukizungumza habari za Mwambao, ukanda wetu wa pwani ya Kenya uliokuwa wa Sultani wa Unguja, humu, haichukui muda hutokea mtu akasema "Sultani alituuza." Mwengine humjibu kuwa Sultani alikuwa mtu mwema na mwizi ni Mwingereza. Baada ya hapo ni matusi, na msimamizi hufunga uzi. Leo nataka tuangalie jambo moja tu, polepole: Waingereza walipoiambia nyumba ya Mabusaidi, ukoo wa Masultani wa Unguja, itengeneze utawala wake, walianza kutengeneza nini? Fuateni miaka, kisha kila mtu aseme lake.

Wengi huanza hadithi hii Unguja, 1890. Mie naanza hapa hapa Mvita (Mombasa), 1824, na nyumba nyengine kabisa, ya Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala mji huu. Mazrui walikuwa wakimhofia Seyyid Said bin Sultan wa Omani, hata wakashona bendera ya Kiingereza wenyewe wakaipandisha Ngomeni (Fort Jesus) kabla hawajaombwa. Kapteni William Owen wa manowari za Kiingereza alipokuja Februari 1824 aliwakubalia ulinzi, lakini kwa masharti. Ukoo wao uendelee kutawala kwa kurithiana. Mjini akae Mwingereza. Mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu. Na biashara ya watumwa ikome.

Aliyeachwa hapa kusimamia hayo, Luteni Reitz, hakumaliza hata mwaka, homa ilimuua. Ndiye huyo aliyepewa jina Port Reitz yetu ya hapa Mombasa. London nayo haikuutaka mzigo wa Owen, na 1826 bendera iliteremshwa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia Ngomeni, vigogo wa Mazrui wakabebwa kwa jahazi wasirudi tena, na jamaa zao waliobaki wakahamia Gasi na Takaungu.

Shikeni hayo masharti mawili ya mwisho, nusu ya forodha na watumwa. Tutakutana nayo tena.

Bin Kilindini:

Miaka yote napita Port Reitz nikidhani ni jina la meli. Endelea yakhe, tuko pamoja.

Mkaazi wa Kibokoni:

Naendelea. Sasa Unguja, Seyyid Barghash, mtoto wa Seyyid Said, 1873.

Januari mwaka huo alifika Sir Bartle Frere na ujumbe kutoka London: biashara ya watumwa baharini ikome kabisa. Barghash alikataa. Tufani ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeng'oa mikarafuu ya Unguja, na alijua matajiri wake wangemgeukia. Frere akaondoka mikono mitupu. Kisha balozi John Kirk akapewa amri ya kumwambia kwamba asipotia saini, manowari zitafunga bandari. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini na soko la watumwa likafungwa.

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu yetu. Akida Muhammad bin Abdullah, mkuu wa askari wa Seyyid hapa Ngomeni, aliasi. Seyyid peke yake hakumuweza. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza zilikuja zikaipiga Ngome mizinga mpaka akida akasalimu amri. Yaani mkono ule ule uliomtishia Barghash ndio uliomrudishia Mombasa. Mtu ukishasaidiwa hivyo, siku ya pili ukiambiwa jambo, utakataa kwa uso gani?

Tuseme haki pia. Utawala wa Seyyid ulikuwa na kasoro za kweli. Forodha yote ilikuwa imekodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwanza nyumba ya Jairam Shivji, baadaye Taria Topan. Wao walimlipa Seyyid fungu la mwaka, wakakusanya ushuru wao, na Seyyid akipungukiwa walimkopesha. Hapakuwa na mpaka kati ya mfuko wake na mfuko wa nchi. Pesa ya harusi ya bintiye na pesa ya mshahara wa askari zilitoka kasha moja. Kwa hivyo Mwingereza aliposema "tengenezeni hesabu zenu", hakuwa akizua.

Mjukuu wa Kengeleni:

Maalim, nimekusoma kwa makini lakini kichwa cha uzi wako kinanisumbua. Unasema mtumwa alikuja baadaye. Hiyo 1873 si ya watumwa? Sisi wa Frere Town tunajua tulivyofika Kisauni. Mwaka 1875 wamishenari wa CMS, shirika la kanisa la Kiingereza, waliweka kijiji pale kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi, na kengele ya Kengeleni ipo mpaka leo kwa anayetaka kuiona. Kama si manowari hizo unazozisema kwa kebehi, mie nisingekuwepo kukujibu. Mababu zangu hawakuwa na kasha wala kiti. Walikuwa ndiyo mali yenyewe.

Mkaazi wa Kibokoni:

Ndugu yangu, hilo ulilosema lina uzito na silipuuzi. Lakini tazama kilichofungwa 1873: kuuza mtu na kumpitisha baharini. Kummiliki mtu hakukuguswa. Malindi na Takaungu mashamba ya mtama na ufuta yaliendelea kulimwa na watumwa baada ya mkataba ule, na waliokimbia walijificha kwenye vijiji vya watoro kama Fuladoyo, au kwenu huko misheni, na mabwana wao wakawafuata kwa bunduki. Utumwa wenyewe utausubiri sana. Nitafika.

Kwa ufupi, miaka ya 1880. Wajerumani na Waingereza waligawana bara 1886, wakamwachia Seyyid ukanda wa maili kumi wa pwani. Hakuitwa mezani, aliletewa ramani. Mwaka 1887 Barghash aliikodishia kampuni ya Waingereza pwani yake ya kaskazini, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikapata hati ya kifalme ikawa IBEA (Imperial British East Africa Company), makao yake Mombasa. Forodha ya Mombasa ikaingia mikononi mwao hapo, Seyyid akabaki kupokea kodi. Barghash akafa Machi 1888.

Sasa kiini cha uzi. Juni 1890 Seyyid Ali bin Said alikubali ulinzi wa Uingereza. Agosti mosi alitoa amri kali: kununua na kuuza watumwa marufuku, hata majumbani, na mtumwa akileta fedha ya kujikomboa lazima apokewe. Waarabu wa mjini walichachamaa. Haukupita mwezi, kile kifungu cha kujikomboa kilifutwa, na ubalozi wa Kiingereza haukuvunja urafiki kwa hilo. Mtumwa alisubirishwa.

Kasha halikusubirishwa. Mwaka mmoja baadaye alikuja balozi mpya, Gerald Portal. Oktoba 1891 alipanga serikali upya. Mfuko wa Seyyid ukatengwa na mfuko wa nchi, naye akakatiwa posho ya mwaka. Lloyd Mathews, yule afisa wa jeshi la maji aliyekuwa kamanda wa askari wa Barghash tangu 1877, akafanywa waziri wa kwanza. Hazina, forodha, bandari, polisi, zote zikapata wakuu wa Kizungu, na wakuu hao hawakuweza kuondolewa bila ridhaa ya balozi. Februari mosi 1892 Unguja ikatangazwa bandari huru.

Mkitazama, Portal alifanya kazi nzuri ya mhasibu. Hesabu ziliwekwa sawa, mishahara ikalipwa kwa wakati. Lakini Seyyid sasa alikuwa kama baba aliyepangiwa pesa ya sokoni na mkwewe ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Binti Kuze:

Hahaha! Mkwe huyo tunamjua.

Swali langu kidogo. Mbona hawakuiondoa tu familia wakatawala wenyewe? Nguvu walikuwa nazo.

Mkaazi wa Kibokoni:

Dada, ndiyo siri yenyewe. Kila jambo walilolitaka lilihitaji saini ya Seyyid. Amri ikitoka kwake, kadhi anaisoma, liwali (mkuu wa mji aliyewekwa na Seyyid) anaitekeleza, watu wa Lamu mpaka Vanga wanaitii bila askari hata mmoja kutoka Uingereza. Ukimwondoa Seyyid, unalipia utiifu huo kwa risasi. Kwa hivyo walimwacha aketi, wakataka tu wawe wao wanaochagua nani aketi. Na hilo linatuleta kwenye kiti.

Machi 1893 Ali bin Said alifariki. Khalid, mtoto wa Barghash, aliingia ikulu akidai kiti, Waingereza wakamtoa, wakamweka Hamed bin Thuwaini. Kwa desturi ya Kiibadhi na ya nyumba ile, kiti hakikuwa lazima kiende kwa mtoto wa kwanza. Wakubwa wa ukoo hushauriana, mwenye nguvu na akili hushika. Baada ya hapo mshauri mkuu alikuwa balozi.

Huku kwetu walifanya vivyo hivyo kwa Mazrui, na hapa nataka tukae kidogo.

Februari 1895 alikufa Salim bin Hamis, mkuu wa Mazrui wa Takaungu. Kulikuwa na watu wawili wa kumrithi: mwanawe Rashid, na mpwawe Mubarak bin Rashid, mkubwa zaidi kwa umri na mwenye haki zaidi kwa desturi ya ukoo. Kampuni ilimpitisha Rashid kwa sababu alikuwa rafiki yao. Mubarak na nduguye Aziz walikataa, wakatoka na watu wao. Walipofukuzwa wakakimbilia Gasi kwa jamaa yao, Sheikh Mbaruk bin Rashid, mtoto wa yule Mazrui wa mwisho aliyetawala Mombasa kabla ya 1837. Mbaruk alikuwa akipokea posho ya Kampuni. Aliambiwa awatoe wageni wake. Akawa anajibu barua kwa adabu, na wageni hawatoi.

Katikati ya hayo, Julai mosi 1895, Kampuni iliyofilisika iliondoka na serikali ya Uingereza ikashika pwani. Hapa Mombasa palifanywa baraza kubwa. Arthur Hardinge alikuwapo kwa upande wa Uingereza, na Mathews kwa niaba ya Seyyid Hamed akawahakikishia watu kwamba dini na mila zao hazitaguswa. Wazee walitulia. Agosti, Admirali Rawson aliiteka ngome ya Mbaruk ya Mwele. Vita vikaendelea miezi mingi, vijiji vikachomwa na pande zote mbili, mpaka Machi 1896 wakaletwa wanajeshi kutoka India. Aprili, Mbaruk alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, kwa Gavana Wissmann. Aliishi Dar es Salaam mpaka kufa kwake 1910.

Na vita vyote hivyo vilipiganwa kwa jina la Seyyid, chini ya bendera yake nyekundu.

Mdigo wa Gasi:

Sheikh, hapo kwa Mbaruk punguza sukari. Kwetu Gasi nyumba yake bado yaonyeshwa wageni, na wako wanaomwita shujaa. Lakini muulize mzee wa Kidigo aliyesimuliwa na babuye. Mbaruk aliwapigana Mabusaidi kabla ya Mwingereza kuja, na kila alipopigana, waliolipa ni vijiji vyetu. Alichukua chakula na alichukua watu. Kwetu sisi, Mazrui, Busaidi na Mzungu waligombania nani atutawale.

Mkaazi wa Kibokoni:

Nimekubali, na sikumtaja kama shujaa. Nimemtaja kwa sababu ya ule urithi wa Takaungu. Angalia Agosti ya mwaka uliofuata.

Agosti 25, 1896, Hamed alifariki ghafla. Khalid akaingia ikulu mara ya pili, safari hii na watu wenye silaha. Waingereza wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshuka. Hakushuka. Mizinga ikalia chini ya saa moja, ikulu ikawa kifusi, watu kama mia tano wakauawa au kujeruhiwa. Admirali aliyetoa amri alikuwa Rawson, yule yule wa Mwele. Kosa la Khalid lilikuwa lile lile la Mubarak wa Takaungu: kuketi bila kuitwa na balozi.

Na jambo ambalo vijana wa hapa hawalijui: Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akaenda Dar es Salaam, akakamatwa 1916, akapelekwa Seychelles na St Helena. Mwisho wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki kwa ahadi ya kutodai kiti tena. Aliishi hapa Mombasa, na hapa ndipo alipofia, 1927.

Bin Kilindini:

Subhanallah. Mombasa hii huzika kila mtu.

Turudi kwenye pesa bwana. Watu husema pauni 17,000 kwa mwaka ndiyo bei ya Mwambao. Zilitoka wapi?

Mkaazi wa Kibokoni:

Hii ndiyo sehemu inayonikera, kwa hivyo mnisamehe nikirefusha.

Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Seyyid marki milioni 4, karibu pauni 200,000, kwa pwani ile ambayo leo ni Tanzania bara. Pesa hizo hazikuja Unguja zikakaa kwenye kasha lake. Ziliwekwa Uingereza.

1895, Kampuni inaondoka na inataka fidia. Ikalipwa pauni 250,000. Serikali ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilizobaki zilikuwa pesa za Seyyid, zile za Wajerumani. Yaani pwani ya kusini iliuzwa, na bei yake ikatumika kuinunua pwani ya kaskazini kutoka kwa Kampuni. Mtu angetarajia basi pwani irudi kwa aliyelipa. Haikurudi. Ikawekwa chini ya Uingereza.

Desemba 14, 1895 mkataba ukatiwa saini. Kila mwaka Seyyid alipwe pauni 17,000. Ndani yake 11,000 ni kodi ya pwani, na 6,000 ni faida ya asilimia 3 kwa zile 200,000. Na mtu aliyesimama upande wa Uingereza katika mkataba huo ni Arthur Hardinge, kamishna wa himaya mpya ya huku bara na pwani. Mshauri wa Seyyid kule Unguja, yule ambaye Seyyid hawezi kukataa shauri lake, alikuwa nani? Balozi Arthur Hardinge. Mtu mmoja, viti viwili.

Sasa mniambie, anayesema "Sultani alituuza" anamzungumza Sultani yupi? Hazina ilikuwa kwa Mathews tangu 1891, na Hamed mwenyewe alipewa kiti na balozi. Mkono ulioandika ulikuwa wake, sikatai.

Binti Kuze:

Lakini saini ni saini ami. Na pauni zile nyumba ya Seyyid ilizipokea mpaka 1963. Hakuna hata mmoja wao aliyezirudisha akasema hataki.

Mkaazi wa Kibokoni:

Hilo sina jibu lake dada, umenipata. Walizipokea. Nyumba iliyokatiwa posho huizoea posho.

Mjukuu wa Kengeleni:

Na mimi bado nasubiri. Umesema utafika kwa mtumwa.

Mkaazi wa Kibokoni:

Nimefika. Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa baada ya mizinga ya 1896, alitia saini amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897. Ona mpangilio: hazina 1891, pwani 1895, kiti 1896, ndipo mtumwa 1897. Hata hivyo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kortini kudai uhuru wake, bwana akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909.

Hapa kwetu ilikuwa ajabu zaidi. Seyyid ni mmoja, bendera ni moja, na ahadi ya baraza la 1895 ya kutogusa mila ikageuzwa kinga ya wenye mashamba. Pwani ya Kenya ilisubiri miaka kumi zaidi, mpaka 1907. Hardinge na waliomfuata walihitaji wenye mashamba na maliwali wawe upande wao, hasa baada ya vita vya Mazrui. Liwali Salim bin Khalfan alikuwa Mbusaidi, tajiri wa mashamba, na sasa mshahara wake ulitoka ofisi ya Mwingereza. Maliwali, mudiri na makadhi wakabaki na vilemba na majoho yao, rufaa ikapanda kwa hakimu wa Kizungu.

Halafu 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani. Mwenye kuweza kuleta hati au mashahidi aliandikiwa shamba. Lisilo na mwenyewe mbele ya afisa likawa la serikali. Aliyeachiwa huru mwaka mmoja kabla angepeleka hati gani?

Mdigo wa Gasi:

Wala Mmijikenda hakuwa na karatasi. Babu yangu alikuwa na mnazi alioupanda mwenyewe, na siku moja akaambiwa mnazi ni wake lakini ardhi si yake. Huo uskwota tunaoushtakia mpaka leo ulianzia kwenye daftari hilo.

Mjukuu wa Kengeleni:

Basi tumekubaliana nusu, maalim. Miaka umeipanga sawa na sina la kupinga. Lakini wewe unaihesabu kama hasara ya Seyyid, kwamba alinyang'anywa kasha kisha kiti. Mie naihesabu hivi: Portal alipokaa na Ali bin Said Oktoba 1891 kuandika upya serikali nzima, idara kwa idara, watu wangu walikuwa shambani Malindi wakipalilia ufuta. Wote wawili pale mezani walijua. Wakaandika habari za forodha.